Wanafunzi wa Usimamizi Ndani ya Hospitali

Programu ya kwanza ya uzamili ya usimamizi wa hospitali iliyodumu ilianza Marekani mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwanzilishi wake, Michael M. Davis, alikuwa msomi wa sosholojia aliyewahi kuongoza zahanati kubwa mjini Boston. Katika kitabu chake cha 1929 alishikilia kwamba kuendesha hospitali ni taaluma ya kusomewa. Mpaka hapo hospitali nyingi ziliongozwa na madaktari, wauguzi au watawa waliojifunzia kazi kazini.

Katika programu hiyo, mwaka wa darasani ulifuatiwa na mafunzo ndani ya hospitali, chini ya msimamizi mzoefu. Mafunzo hayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa mpango wote. Mwanafunzi alizunguka idara baada ya idara: jikoni, chumba cha kufulia, stoo, mapokezi, uhasibu. Kisha alikabidhiwa tatizo halisi alichunguze: foleni ya wagonjwa wa nje, mashuka yanayopotea, vitanda vinavyokaa vitupu. Hospitali ilipata jicho jipya, naye akajua kwamba hesabu za vitabuni hubadilika zikikutana na muuguzi wa zamu ya usiku.

Sheria ya Marekani ya 1946 iitwayo Hill-Burton ilichochea ujenzi wa hospitali, na wasimamizi wakahitajika zaidi. Mwaka 1948 programu za vyuo za usimamizi wa hospitali ziliunda chama chao.

Baadaye programu nyingi zilirefusha masomo ya darasani na kufupisha muda wa hospitalini. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na miradi ya vikundi: hospitali au kliniki huleta tatizo lake, wanafunzi hukusanya takwimu, huwahoji wafanyakazi, kisha huwasilisha mapendekezo mbele ya viongozi wake.