Ugonjwa, Unajisi na Marejeo: Usomaji wa Biblia Meru na Embu

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mtazamo wa Biblia kuhusu maradhi ulivyopokewa Meru na Embu. Hoja yetu ni kwamba mimbari iliwarithisha wasikilizaji nusu ya matini, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyoafikiana zaidi na mila zao.

Kabla ya misheni, maradhi mengi yalifasiriwa kwa dhana ya mugiro, yaani mwiko ambao mtu akiuvunja, hata bila kukusudia, hunajisika. Unajisi huo haukuwa hukumu ya milele. Mganga, mugaa kwa Wameru na mundu mugo kwa Waembu, aliuondoa kwa kafara, na aliyetakaswa akarudi katika jamii yake.

Wamisheni walileta mimbari na zahanati pamoja. Mwaka 1922 Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland alianza kazi Chogoria. Wamethodisti nao walijenga hospitali Maua. Zahanati ilifundisha kwamba maradhi huletwa na vijidudu. Mahubiri mara nyingi yaliyahusisha na dhambi. Biblia yenyewe ina sauti zinazoshindana. Katika 2 Samweli 24 tauni inaua watu 70,000 kwa kosa la Mfalme Daudi, ilhali Ayubu anaugua bila hatia, na katika Yohana 9 Yesu anakataa kumlaumu kipofu au wazazi wake.

Biblia nzima ya Kimeru ilipochapishwa mwaka 1964, msomaji aliweza kuzifuatanisha Walawi 13 na 14 katika lugha yake. Sura ya 13 humtenga nje ya kambi mwenye kile ambacho tafsiri ya Kiswahili hukiita ukoma, ingawa neno la asili lilijumuisha maradhi mbalimbali ya ngozi. Sura ya 14 humrejesha aliyepona. Tena kuhani ndiye anayetoka kumwendea. Hapo kuhani na mugaa wanakutana: utengo ni hatua, si mwisho.

UKIMWI, uliotambuliwa Kenya mwaka 1984 na kutangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, ulidhihirisha hasara ya usomaji huo nusu. Wahubiri wengi waliishia kwenye adhabu. Wagonjwa wakaaibishwa, na wengine wakaficha maradhi hadi kufa. Korona ilipoingia nchini mwaka 2020, swali la nani aliyetenda dhambi lilisikika tena.

Kwa ufupi, mhakiki anayekomea katikati ya matini hupotosha maana. Mhubiri akifanya vivyo hivyo, anayeumia ni mgonjwa.