Mushahara wa munganga na fakitire ya mugonjwa: tatizo ni moja

Mu majimbo yetu ya mashariki, malalamiko mawili yanasikika kila siku. Waganga wanasema hawalipwe vizuri. Wagonjwa nao wanasema hospitali ni bei kali. Watu wengi wanafikiri hayo ni mabishano ya pande mbili. Lakini ukifuata njia ya feza, unakuta ni tatizo moja.

Munganga wa Serikali analipwa namna gani?

Feza zinapitia milango mitatu:

- Mushahara: unalipwa na Serikali kwa mwenye namba ya kazi (matricule) na jina lake liko kwenye liste ya malipo.
- Prime ya hatari: Serikali inaitoa kwa sababu mufanyakazi wa afya anagusa damu na magonjwa ya kuambukiza.
- Prime ya mahali (prime locale): ni sehemu ya feza ambazo wagonjwa wanalipa, inayogawanywa kati ya wafanyakazi.

Shida ni kwamba si wote wanapita milango yote mitatu. Kuna wenye kupata mushahara na prime. Kuna wenye kupata prime ya hatari bila mushahara. Na wengine, zaidi sana waforomo wa vijijini, hawapate kitu toka Serikali: wanaishi na prime ya mahali peke yake. Mutu anasoma miaka sita ao saba kusudi awe munganga, anaanza kazi, halafu anangojea miaka mingi jina lake liingie kwenye liste ya Kinshasa.

Vita pia imeongeza mateso. Tangu mwanzo wa 2025, wakati AFC/M23 ilikamata Goma na Bukavu, banki zilifungwa, na mufanyakazi mwenye mushahara wa kupitia banki alibaki bila njia rahisi ya kuupata.

Serikali isipolipa, nani analipa?

Ni mugonjwa. Fakitire ya hospitali inabeba dawa, mafuta ya jenereta, na pia chakula cha nyumbani kwa munganga na muforomo. Ndiyo maana tunaona mama aliyekwisha kuzaa anabakizwa hospitali juu ya deni. Hiyo haikubalike: mutu aliyezuiwa hawezi kwenda shamba wala soko kutafuta feza ya kulipa. Lakini kumutukana muforomo peke yake hakutamaliza mambo, kwa sababu deni lilianzia mbali na kitanda kile.

Sheria inasema nini?

Katiba ya inchi yetu, kifungu 36, inahakikishia mufanyakazi malipo ya haki yenye kumuwezesha kuishi na familia yake kwa heshima. Kifungu 47 kinahakikisha haki ya afya. Kifungu 39 kinakubali haki ya kugoma, lakini sheria inaweza kuipunguza katika kazi zenye kugusa uhai wa watu. Kule Abuja, 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa angalau 15% ya bajeti ya kila inchi kwa afya.

Sendika za waganga, kama SYNAMED na SYMECO, zimekumbusha Serikali ahadi zake mara nyingi, hata kwa migomo. Siku za mugomo, kwa kawaida kazi ya lazima (service minimum) inaendelea. Kwa hiyo mugonjwa mahututi asibakizwe nyumbani: mumupeleke mara moja.

Heshima inakwenda pande mbili

Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka mwezi wa 8 2018 mupaka mwezi wa 6 2020, iligusa watu 3.470 na kuua 2.287. Wakati ule wafanyakazi wa afya walipigwa, wengine waliuawa. Dr Richard Mouzoko, munganga kutoka Kameruni aliyetumikia OMS, aliuawa Butembo ndani ya hospitali, tarehe 19 mwezi wa 4 2019. Munganga akikimbia, wanaobaki bila musaada ni sisi na watoto wetu.

Mugonjwa naye ana haki yake: aelezwe ugonjwa, aulize bei mbele ya kutunzwa, alipe kwenye caisse na apewe reçu. Usipane feza mukononi. Ukiona kosa, peleka neno kwa CODESA ya eneo lenu, kwa ofisi kubwa ya zoni ya afya, ao kwa Ordre des médecins ikiwa ni kosa la munganga.

Desturi za kila siku

Ugonjwa uliozuiwa ni fakitire isiyoandikwa:

- Nawa mikono na sabuni mbele ya kula, mbele ya kupika, na ukitoka choo.
- Chemsha maji ya kunywa ao tia dawa yake. Kolera inapenda maji machafu.
- Lala ndani ya chandarua kila usiku, hata wakati wa kiangazi.
- Peleka mutoto kwa chanjo za kawaida. Ni za bure.
- Mutoto wa mbele ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu.
- Mwenye kuhara apewe maji safi litre 1, yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, wakati munamupeleka santre ya afya. Musingojee.

Lakini tuangalie neno moja. Kama munganga anaishi na feza ya wagonjwa, kijiji chenye afya kinamuachia sahani tupu. Mutu anayetufundisha kunawa mikono hapashwe kupata hasara tukimusikia. Mushahara wa haki unamuweka upande wetu: alipwe sawasawa, tuwe wazima ao tuwe wagonjwa. Kwa hiyo, mutu akija kuomba kura yenu, ao chef akiitisha mukutano, ulizeni: wafanyakazi wa santre yetu, ni wangapi wanalipwa na Serikali?