Manjano, Mwarobaini na Ushahidi wa Mababu

Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Mwaka mmoja kabla, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikuwa imezipa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza ya kudhibiti kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. India nzima ilishangaa: tangu lini hayo yakawa uvumbuzi? Hataza zote mbili hatimaye zilifutwa, ila kila upande ulidai ushahidi wa namna yake.

Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitambua matumizi yaliyofanyika ndani ya Marekani tu. Ya ng'ambo yalihesabiwa yakiwa yamechapishwa au yamepewa hataza. Bibi wa Gujarat anayempaka mjukuu manjano kwenye kidonda hakuwa ushahidi, hata wangekuwa mabibi milioni. Ndiyo maana Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India lilikwenda na karatasi: marejeo 32, yakiwemo maandiko ya kale ya Kisanskriti na makala ya mwaka 1953 katika jarida la madaktari wa India. Mwaka 1997 hataza ikafutwa.

Mkataba wa Hataza wa Ulaya una mlango mpana zaidi. Chochote kilichowekwa wazi kwa umma popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa matumizi, kinaondoa upya wa uvumbuzi. Kwa hiyo Ofisi ya Hataza ya Ulaya, mjini Munich, ilimsikiliza mwenye kiwanda kutoka India, aliyeeleza jinsi alivyotengeneza na kujaribu dawa ya mwarobaini kabla ya maombi ya hataza. Mwaka 2000 hataza ilifutwa. Wenye hataza wakakata rufaa, na mwaka 2005 rufaa ikatupwa.

Tangu Machi 2013 Marekani nayo inahesabu matumizi ya popote duniani, kama inavyofanya sheria ya Kenya ya mwaka 2001. Tofauti ya vitabuni imepungua. Mzigo wa kuthibitisha uko palepale. Hata mbele ya mlango mpana, shahidi huulizwa alichanganya nini, lini, na nani aliona. Kusema "tumerithi kwa mababu" hakujibu hata swali moja kati ya hayo.

Tena neno zito katika sheria hizi ni "umma". Mganga wa pwani aliyemrithisha mwanawe dawa kwa siri hajaweka kitu wazi, hivyo siri yake haiwezi kuizuia hataza ya mgeni aliyefikia dawa ileile kwa njia yake. India ililiona hilo mapema: tangu 2001 imekuwa ikijenga maktaba ya kidijitali ya tiba za asili kwa ajili ya wakaguzi wa hataza. Maktaba hiyo, hata hivyo, hukusanya yaliyokwisha kuandikwa. Sisi ambao tiba zetu nyingi zimo vichwani mwa wazee tuna uamuzi mgumu zaidi: kuziandika na kuziweka wazi ni kuwazuia wengine wasizimiliki, na papo hapo ni kuwapotezea wenyewe haki ya kuziombea hataza.