Mwethya wa Moyo: Machakos Iliokoa Udongo, Sasa Ni Zamu ya Presha

Wasee, kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo wataalamu wa kilimo wa nchi nyingi huyatumia bila kuyatafsiri: fanya juu. Ni aina ya matuta. Unachimba mtaro kwenye mteremko, unatupa udongo upande wa juu, na mvua ikija maji yanasimama badala ya kukimbia na shamba lako. Ukipanda vilima vya Iveti hapa Machakos, zile ngazi unazoona mashambani zilichimbwa kwa mikono, na mikono mingi ilikuwa ya akina mama.

Nataka niwaeleze zilivyochimbwa, kwa sababu siku hizi kila mtu anaongea kuhusu presha na magonjwa ya moyo, na mimi naona jibu letu liko kwenye hayo matuta. Mnivumilie kidogo, tunaanza na ng'ombe.

Miaka ya 1930 Ukambani kulikuwa kumebanwa. Wakoloni walikuwa wamewapa walowezi ardhi nzuri, watu na mifugo wakasongamana kwenye eneo walilotengewa, ukame ukapiga, na udongo ukawa unaondoka kila mvua ikinyesha. Mwaka wa 1937 Colin Maher, afisa wa serikali wa mambo ya udongo, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu hali ya Machakos. Jibu la serikali likawa amri: mifugo ipunguzwe kwa lazima. Ng'ombe wakachukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's kikiwasubiri pale Athi River.

Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association wakasema imetosha. Wanaume, wanawake na watoto walielekea Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini serikali nayo ililazimika kuachana na ule uuzaji wa lazima.

Hapo ndipo watu wengi huishia wakisimulia hii hadithi. Mimi nataka tuendelee, kwa sababu udongo ulikuwa bado unaondoka. Mbingu alishinda hoja ya ng'ombe, lakini mvua haikujali.

Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ilirudi na kazi ya matuta, tena kwa kulazimisha. Watu walichimba huku wamenuna. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1950, kazi ilipoanza kupita kwenye mwethya. Kama wewe si Mkamba, mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja kwa zamu. Leo tuko shambani kwa mama Mutua, wiki ijayo kwa Nduku, halafu kwako. Viongozi mnawachagua wenyewe, siku mnapanga wenyewe, na asiyekuja anajua ataulizwa. Mnaimba, mnachimba, mnaenda nyumbani.

Ukweli usemwe: wakoloni nao waliwahi kulitumia jina la mwethya kupamba kazi ya lazima. Na pesa ilisaidia pia, kwa sababu Wakamba walianza kuruhusiwa kupanda kahawa miaka hiyohiyo, na mtu mwenye zao la kuuza ana sababu ya kulinda shamba. Uhuru ulipokuja amri ziliisha, na kwa muda kazi ya matuta ikalegea. Lakini baadaye watu walirudi kuchimba bila kusukumwa na mtu, kwa sababu walikuwa wameona tofauti kati ya shamba lenye matuta na lisilo nayo. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos ya zamani, ile iliyokuwa pamoja na Makueni. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ikawa inalindwa vizuri kuliko mwanzo.

Sawa, tuje kwenye moyo.

Mwaka wa 1929, wakati udongo wa Ukambani unabebwa na mvua, daktari Mwingereza aitwaye Donnison alichapisha matokeo ya kazi yake Nyanza Kusini. Alikuwa amepima presha ya watu wapatao 1,000, na akagundua kwamba haikupanda na umri vile ilivyopanda kwa Wazungu. Katika miaka miwili, kati ya wagonjwa kama 1,800 waliolazwa hospitalini kwake, hakukuwa na hata mmoja aliyegunduliwa kuwa na presha ya juu.

Mwaka wa 1990 utafiti mwingine ulitoka. Watafiti walifuata vijana wa Kiluo waliotoka mashambani magharibi mwa Kenya kuja kuishi Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema tu baada ya kufika mjini. Chumvi mwilini iliongezeka, potasiamu (ile ya mboga na matunda) ikapungua, uzani ukapanda, mapigo ya moyo yakaenda kasi. Damu ni ileile na ukoo ni uleule. Kilichobadilika ni maisha.

Sasa fikiria Machakos ya leo. Hatuhitaji kwenda Nairobi, Nairobi imetufuata. Mlolongo na Athi River ziko ndani ya kaunti yetu. Hata huku Masaku mjini, kijana wa boda anakaa kwenye pikipiki kuanzia asubuhi hadi usiku, chakula chake ni smoki na vibanzi vilivyonyunyiziwa chumvi mara mbili. Babu yake alikula isyo na kutembea vilima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Presha inafanya kazi kama mmomonyoko. Haiumi. Mvua moja haimalizi shamba. Inachukua kidogo leo, kidogo kesho, hadi siku mtu anaanguka bafuni na upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, halafu matangani tunaambiwa ilikuwa ghafla.

Na kama ilivyokuwa 1937, jibu letu la kwanza ni amri. Punguza chumvi. Fanya mazoezi. Wacha mafuta. Mabango yanasema, madaktari wanasema, na sisi wa mitandaoni pia tunasema kwa video za dakika moja. Mimi natengeneza hizo video, na naweza kuwaambia video haijawahi kumfunga mtu mkanda wa presha mkononi.

Anayefunga mkanda ni jirani. Mwaka wa 2006 Kenya ilianza mpango wa afya ya jamii uliotegemea watu wa kujitolea kutembea nyumba hadi nyumba. Wengi walifanya kazi hiyo kwa miaka bila malipo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na ya kupima sukari, na wakaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mtaani kwetu anakuja mama mmoja, kwa miguu, jua likiwaka. Nyanya yangu humeza dawa zake kwa sababu anajua huyo mama atauliza. Hospitali haiwezi kumfanyia hivyo, iko mbali na haimjui.

Lakini hapa ndipo nina shida na neno "kujitolea". Mwethya haukuwa kujitolea. Mwethya ulikuwa deni. Nimechimba kwako, utachimba kwangu. Akina mama wale hawakuchimba matuta kwa sababu walikuwa na moyo mzuri kuliko sisi. Walichimba kwa sababu zamu yao ingefika. Sisi tumechukua jasho la mwethya tukaacha zamu. Mama mmoja anazunguka nyumba 100 hivi, na hakuna anayezunguka kwake. Katika kaunti nyingi tumesikia malalamiko kwamba hata hizo 5,000 zinachelewa. Ukimwachia mtu mmoja kazi ya kijiji kizima halafu umuite shujaa, umemkwepa tu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, walipwe kwa wakati, na dawa ziwepo kwenye zahanati. Mwethya haukuchimba kwa kucha, ulikuwa na jembe. Kumpima mtu halafu kumwambia dawa hakuna ni kumwongezea presha tu.

Pili, turudishe zamu. Machakos imejaa vikundi tayari: chama cha akina mama, steji ya boda, kwaya, timu ya mpira ya Jumapili. Kila kikundi kinaweza kumwalika mhamasishaji wake mara moja kwa mwezi, kila mtu apimwe, na akionekana yuko 140 kwa 90 au zaidi, mwenzake ampeleke zahanati apimwe tena. Mwenzake, si yeye peke yake. Mwezi ujao mwingine anampeleka mwingine. Wanaotaka kutembea, watembee pamoja hadi Kiima Kimwe na kurudi. Dakika 150 kwa wiki ndizo tunazoambiwa zinatosha, na ukigawa kwa siku tano ni nusu saa tu. Anayepika kwenye mkutano apike na kijiko kimoja kidogo cha chumvi akilini, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima, ikiwemo ile iliyo ndani ya smoki.

Na sisi vijana, mtu asituambie ni mambo ya wazee. Wale wa utafiti wa 1990 hawakuwa wazee. Walikuwa wasee kama sisi, waliokuja town kutafuta.

Basi Jumapili hii mkiwa uwanjani kabla ya mechi, uliza swali moja: nani hapa hajawahi kupimwa presha? Wahesabu. Halafu mtafute yule mama wa mkoba, na mumuulize ni siku gani ana nafasi na nani atambebea huo mkoba.