Hesabu za Kisomo na Maana ya Neno "Kusoma": Funzo kutoka Nchi za Ziwa

Mtu atakaye kulinganisha elimu ya nchi moja na ya nchi nyingine hana tena haja ya kuhangaika kutafuta tarakimu. Taasisi ya Takwimu ya UNESCO, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kuwa na makao yake Montreal tangu mwaka 2001, hukusanya majedwali ya nchi zote. Benki ya Dunia nayo huyachukua na kuyaeneza. Shida ni nyingine. Tarakimu hizo husafiri peke yake, na maneno yaliyozizaa hubaki nyuma. Makusudi ya makala hii ni kuyafuata maneno hayo hadi kwao, na hasa neno moja, "kusoma", kwa kutumia mfano wa nchi za kusini ya Ziwa Viktoria, ambako hesabu ya kisomo iliwahi kuwa jambo la ulimwengu mzima.

Shauri la kulinganisha elimu kwa majedwali si geni. Mfaransa Marc-Antoine Jullien alilitoa Paris mwaka 1817: alitaka kila nchi iulizwe maswali yale yale, na majibu yapangwe safu kwa safu. Mwaka 1925 ilianzishwa Geneva Ofisi ya Kimataifa ya Elimu. Mwaka 1957 UNESCO ikatoa kitabu juu ya hali ya ujinga wa kusoma duniani katikati ya karne, nacho kilikadiria kuwa watu wazima wapatao milioni 700 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka uliofuata, 1958, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha kanuni za kusawazisha takwimu za elimu. Kwa kanuni hizo ajuaye kusoma ni yule awezaye kusoma na kuandika, huku akielewa, maelezo mafupi na mepesi yahusuyo maisha yake ya kila siku. Msomaji atazame vema: tafsiri hiyo haitaji lugha, wala haisemi ni nani atakayempima mtu huyo.

Katika Kiswahili pengo hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa neno letu "kusoma" lina vyumba vingi. Mtoto wa chuoni pwani husoma Kurani, naye pengine hajui maana ya Kiarabu anachokitamka. Kijana aliyeko shule twasema "anasoma", hata kama bado hajaweza kuunganisha herufi. Mtu "aliyesoma" ni mwenye elimu, na "msomi" ni zaidi ya hapo. Huko Buganda, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, jina la "wasomaji" lilikuwa jina la waongofu wa dini mpya. Basi karani wa sensa aulizapo mlangoni kama fulani anajua kusoma, mwenye nyumba aweza kujibu juu ya chumba kimoja, na jedwali likaandika juu ya kingine.

Sasa tuje Ziwani. Mawaziri wa Elimu walikutana Tehran mwezi wa Septemba, 1965, na katika mkutano huo likakuzwa shauri la kisomo kifungamanacho na kazi. Kutokana na shauri hilo ukazaliwa mpango wa majaribio wa ulimwengu, ulioendeshwa katika nchi 11 kati ya mwaka 1967 na 1973. Tanzania ilikuwa mojawapo, na makao ya mradi wake yalikuwa Mwanza. Ulianza mwaka 1968, na eneo lake lilikuwa mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Hapo ndipo darasa la ngumbaro lilipopata jina jipya la "kisomo chenye manufaa". Vitabu vya kujifunzia vilihusu pamba, ndizi, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Mkulima alijifunza silabi na nafasi ya kupandia mbegu kwa wakati mmoja, na lugha aliyojifunzia ilikuwa Kiswahili, ijapokuwa wengi wa wanafunzi hao nyumbani walisema Kisukuma, Kizinza, Kisumbwa au Kihaya.

Mwaka 1971 vita dhidi ya ujinga vilienezwa nchi nzima, na mwezi wa Agosti, 1975, ulifanywa mtihani wa taifa. Watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa, na wapatao milioni 3.8 waliufanya. Mtihani ulikuwa na madaraja manne, na waliofika daraja la tatu na la nne ndio waliohesabiwa kuwa wamefuzu. Kwa hesabu za kampeni, wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, na asilimia 9.6 mwaka 1986. Hiyo ndiyo tarakimu iliyoipa Tanzania sifa duniani.

Lakini mwaka 1988 ilifanywa sensa, na katika majedwali ya mataifa yaliyotokana nayo twaona kuwa watu wazima wa Tanzania wajuao kusoma walikuwa kama asilimia 59 tu. Miaka miwili nyuma walikuwa asilimia 90.4! Mtafiti aliye mbali, akiziweka tarakimu hizo mbili katika mstari mmoja, ataandika kuwa theluthi ya taifa ilisahau kusoma kati ya mwaka 1986 na 1988. Jambo hilo halikuwa. Kilichobadilika ni swali. Kampeni ilipima kwa mtihani, na orodha ya waliofuzu haina safu ya waliosahau. Sensa haimpi mtu mtihani; humwuliza mkuu wa kaya juu ya nafsi yake na ya watu wake, naye hujibu kwa kadiri alielewavyo neno. Hesabu zote mbili zina haki yake, ila hazistahili kuwekwa katika safu moja. Sensa zilizofuata, kwa kuwa ziliuliza kwa namna iliyokaribiana, zaweza kufuatana: asilimia 69 hivi mwaka 2002, na asilimia 78 mwaka 2012.

Jambo la pili ni lugha. Katika mtihani wa mpango wa SACMEQ wa mwaka 2007, uliopima wanafunzi wa darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki ya Afrika, Tanzania Bara ilipata alama 577.8 katika kusoma, Kenya 543.1, na Uganda 478.7. Wengi walizinukuu tarakimu hizo kama matokeo ya mbio. Wachache walikumbuka kuwa watoto wa Tanzania Bara walisoma Kiswahili, na wenzao wa Kenya na Uganda walisoma Kiingereza. Kisha wapimaji wa Uwezo, mwaka 2010, waliwaendea watoto wa Tanzania majumbani mwao. Katika wanafunzi wa darasa la tatu, wapatao 3 katika kila 10 waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa hadithi ya Kiingereza hawakufika hata 1 katika 10. Ni watoto wale wale, na nchi ile ile. Basi tukiulizwa kama watoto wetu wanajua kusoma, hatuna budi kuuliza kwanza: lugha gani? Na anayeshindana juu ya lugha ya kufundishia bila ya kuuliza hivyo, hujenga hoja yake juu ya mchanga.

Jambo la tatu ni mahali, na hapa kijiji kimoja chatosha kuwa mfano. Rwamgasa ni mahali pa wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Wilaya ya Geita. Katika maandishi ya wataalamu wa madini jina hilo huandikwa pia Rwamagasa. Kwa hiyo atafutaye kwa tahajia moja huikosa nusu ya habari. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, na kabla ya hapo wilaya hiyo ilihesabiwa katika Mkoa wa Mwanza, na zamani za ukoloni katika Jimbo la Ziwa. Mtu akilinganisha Mwanza ya mwaka 2002 na Mwanza ya mwaka 2012 analinganisha nchi mbili zenye mipaka mbalimbali. Tena, kiwango cha uandikishaji ni sehemu: juu huwekwa wanafunzi walioandikwa shuleni, wa umri wowote, na chini huwekwa watoto wa umri wa shule wakadiriwao kutokana na sensa. Penye dhahabu watu huja na kuondoka kwa habari za mwamba mpya. Makadirio ya sensa hayawezi kuufuata mwendo huo, na kiwango chaweza kupita asilimia 100 pasipo shule kuongezwa hata darasa moja.

Mahali hapo hapo pametufunulia udhaifu wa neno "manufaa". Mradi wa Mwanza ulipoanza, mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1966, na pamba ndiyo iliyokuwa fedha ya mkulima. Kisomo chenye manufaa kikawa kisomo cha pamba. Leo mchimbaji wa Rwamgasa anahitaji kusoma mizani, leseni, na onyo juu ya zebaki, ambayo ilileta wataalamu wa Umoja wa Mataifa kijijini hapo katika miaka ya 2000. Katika jedwali la dunia, aliyefuzu kwa kitabu cha pamba na asomaye mkataba wa mgao wa mawe ni alama moja.

Basi yafaa kila atumiaye takwimu za mataifa aulize mambo manne kabla ya kuchora mstari: nani alihesabiwa, na wa umri gani, alipimwa au aliulizwa tu, kwa lugha gani, na mipaka ya mahali ilikuwaje mwaka huo. Majibu mengi hupatikana katika maelezo yaliyo chini ya majedwali, ambayo wasomaji huyaruka. Kazi hii haiwaachii wanahesabu peke yao. Wataalamu wa lugha ndio wawezao kusema swali la karani lilisikika vipi mlangoni, na nakala za madodoso ya sensa zetu zastahili kukusanywa na kusomwa kwa uangalifu ule ule tuzisomao tenzi za kale. Hadi hapo, asilimia itabaki kuwa jibu ambalo swali lake limepotea.