Kutoka Mabegani Hadi Kwenye Leja

Wajerumani walipohamisha makao ya utawala kutoka Langenburg, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hadi Tukuyu, waliuita mji huo Neu Langenburg. Mizigo ilipanda milima ya Rungwe mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na kilo zake kama 30. Mnyapara alihesabu, karani akaandika. Huo ndio uliokuwa usafirishaji na utunzaji wa ghala wa enzi hizo, na hakuna aliyeusomea darasani.

Chai, iliyopandwa Rungwe mwaka 1904, ilileta nidhamu nyingine. Jani bichi halisubiri: likirundikwa linapata joto, linakuwa jekundu na bei inashuka. Ndiyo maana katika kituo cha kununulia majani, mizani, risiti na lori la kiwandani, iwe Katumba au Mwakaleli, vinakwenda kwa saa. Kijana aliyeanza kwa kupakia magunia alijifunza kusoma mizani, kisha kuandika risiti, na aliyeaminika akakabidhiwa funguo za ghala. Kwenye lori nako, utingo aliota kushika usukani.

Uaminifu ulitangulia cheti.

Shule zilikuja baadaye. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa 1963, kikafundisha makatibu na watunza hesabu wa vyama vya ushirika. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilifuata 1975, Mabibo, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ngazi ambayo mtunza ghala wa kijijini alikuwa akiipanda ikakatika. Hasara hiyo haizungumzwi vya kutosha. Vyama vilirudi kwa sheria ya 1982. Kwa upande wa kazi ya ghala, mwaka mmoja kabla bodi ya taifa ya usimamizi wa vifaa ilikuwa imeundwa. Sheria ya 2007 ikaweka mahali pake Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, inayotahini na kusajili wataalamu hao.

Leo anayetaka kupanda cheo sharti awe na karatasi. Ni haki, maana leja mbovu humnyima mkulima jasho lake. Lakini mpima mizani wa Msasani ya Rungwe mwenye miaka mingi kazini naye ana elimu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Vyama vya msingi na viwanda vya Rungwe viulizie utaratibu huo, viwapeleke watu wao wakapimwe na kupewa vyeti.