Watakatifu wa Kiberberi: Monika na Augustino

Waberberi, ambao wenyewe hujiita Imazighen, ni wenyeji wa kale wa Afrika ya Kaskazini, tangu Moroko hadi Libya na ndani ya Sahara. Katika historia yao wamo mfalme Massinissa wa Numidia na mwandishi Apuleius wa Madauros. Lakini sisi waamini tunawafahamu zaidi Monika na mwanawe Augustino. Kwa kuwa picha nyingi za makanisani zimewachora kama Wazungu, wapo wanaoshangaa kusikia kwamba walitoka Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria.

Jina Monika lenyewe yaelekea ni la Kiberberi: wataalamu hulihusisha na Mon, mungu aliyeabudiwa na wenyeji wa eneo lile. Ndiyo maana Augustino huhesabiwa kuwa Mberberi, walau kwa upande wa mama. Monika alipomfuata mwanawe hadi Milano, alipeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi, kama walivyozoea Wakristo wa Afrika. Bawabu akamzuia, kwa kuwa Askofu Ambrosi alikuwa amekataza. Akatii bila kunung'unika. Augustino anakiri katika Maungamo kwamba huenda mama yake asingaliiacha desturi hiyo kwa urahisi, kama katazo lingalitoka kwa mtu asiyempenda kama alivyompenda Ambrosi.

Augustino alibatizwa na Ambrosi huyohuyo katika Pasaka ya mwaka 387. Aliandika Kilatini maisha yake yote, lakini hakuvumilia Uafrika udharauliwe. Maximus, mwalimu wa sarufi huko Madauros aliyebaki mpagani, aliyadhihaki majina ya kienyeji ya mashahidi, kama vile Namphamo na Miggin. Augustino akamjibu kwa ukali, akimshangaa Mwafrika anayewaandikia Waafrika wenzake huku akiyacheka majina ya kwao. Kwa maoni yetu, barua hiyo yafaa isomwe na kila anayedhani kwamba jina la asili halistahili ubatizo.

Kanisa hilo lilikuwa na jeraha pia. Utengano wa Wadonati uliligawa kwa zaidi ya miaka mia, hata mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande mbili wakakabiliana Karthago, wote wakiwa Waafrika. Augustino alifariki mwaka 430 katika mji wake wa Hippo, leo Annaba, Wavandali wakiwa wameuzingira.

Monika alikuwa amekwisha kufa huko Ostia, bandari ya Roma, mwaka uleule wa ubatizo wa mwanawe, walipokuwa wakingojea kuvuka bahari kurudi Afrika. Hapo awali alitamani sana kuzikwa kando ya mumewe, Patrisi. Alipoona saa yake imekaribia, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Masalia yake yamo Roma, katika Kanisa la Mtakatifu Augustino.